Neno Lililosemwa Uani

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani Bugarama bila kujua ninakwenda wapi. Miaka ile nilifanya hivyo mara nyingi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, na wala haikuwa kwa kukosa ada. Barabara ilipita mbele ya dirisha la darasa letu na mimi sikuweza kuacha kuitazama. Tangu hapo nikawa mtu wa kutembea. Nikisikia mahali fulani kisima kinachimbwa kwa mashine, nakwenda kuangalia. Nikisikia daraja limevunjika, nakwenda kuona limevunjikaje. Mama alikwisha kuzoea. Alinifungia viazi viwili kwenye mfuko wa rambo, hakuuliza kitu.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Warundi walikuwa wamevuka mpaka na kuingia wilaya yetu ya Ngara wakiwa wengi kuliko sisi wenyeji, na kambi yao ilikuwa imekaa muda mrefu mpaka ikawa na soko, vinyozi na fundi wa redio. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo Kirundi sikujifunza, nilikikuta mdomoni. Kiswahili nilikipata shuleni, halafu nikaendelea kukiokota kwenye kila karatasi niliyoikuta imefungiwa maandazi.

Mchana nilifika Ngara mjini. Kwenye kibaraza cha mgahawa mmoja alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani, chai yake imepoa na utando umeganda juu. Alikuwa anawauliza watu waliokuwepo, "Samahani, hakuna mtu hapa anayejua Kihangaza, Kirundi, na Kiswahili kisicho cha kubabaisha?"

Walicheka wakaninyooshea kidole. "Huyo hapo. Kazi hana, ila hakuna asichokijua."

"Umesoma mpaka wapi, kaka?" akaniuliza.

"Darasa la tano. Na wewe dada?"

"Mimi bado nasoma. Shahada ya uzamili. Mawasiliano na usimamizi wa migogoro."

"Migogoro nayo inasomewa?"

"Inasomewa. Hata mtihani upo."

"Na ukifeli?"

"Unarudi nyumbani na mgogoro wako."

Nikacheka, nikakaa, nikanywa ile chai iliyopoa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani.

Kwa wiki kadhaa tulizunguka naye kambini na kwenye vijiji vinavyoizunguka. Alikuwa anakusanya ugomvi kama wengine wanavyokusanya mitishamba. Wenyeji na wakimbizi waligombana juu ya kuni, juu ya mbuzi waliopotea, juu ya foleni ya bomba, naye aliandika yote kwenye madaftari yenye jalada gumu. Tulipopumzika aliniazima makaratasi yake ya chuo, nami niliyasoma kwa njaa. Humo niliona kwamba anachokidai mtu na anachokihitaji ni vitu viwili. Niliona pia kwamba kusikiliza ni kazi, na kwamba mtu anaweza kukusikiliza kwa mabega yake. Nilijiona kama mtu aliyepita mlango wa shule miaka yote na sasa ameingia kupitia dirishani.

"Mkalimani ni bomba," aliniambia siku ya kwanza. "Maji yanaingia, maji yanatoka. Bomba halionji."

Ila alikuwa na shida moja. Msimamizi wake wa chuo alimwandikia kwamba ugomvi alionao ni mwingi lakini wote unaning'inia. Alitaka angalau mmoja uliofuatwa tangu mwanzo hadi makubaliano. Dada alibakiwa na siku nane. Katika siku hizo ndipo tulipompata yule mama.

Alikuwa mkimbizi wa makamo, mwembamba, anayezungumza taratibu kama anayehesabu vitu vilivyovunjika. Walipokimbia, alisema, walivuka mpaka upande wa Mugoma. Mtoto wake wa kike, aliyekuwa bado hajatimiza miaka mitatu, alimfia mgongoni wakiwa wanapanda kilima. Alimzika kwenye ukingo wa shamba la mtu, chini kidogo ya njia. Aliweka mawe matatu, akachomeka kijiti cha ule mti wa maua mekundu tunaouita umurinzi, yaani mlinzi, halafu akasukumwa na waliokuwa nyuma yake akaendelea kutembea. Miaka yote hiyo ukingo ule haukulimwa. Sasa mwanamke mmoja wa kambini aliyekwenda Mugoma kufanya kibarua alimletea habari kwamba mwenye shamba ameanza kufyeka upande ule.

"Namwomba aniachie nafasi ya mkeka mmoja," alisema. "Siku tukirudi kwetu nitapitia pale nimchukue, niende naye."

"Na akikataa?" dada aliuliza kupitia kwangu.

Mama alinijibu mimi, wala hakumtazama dada. "Akikataa, nijue. Nitakwenda mwenyewe kabla ya mvua, nimtoe. Wakininyima kibali cha kutoka kambini nitatoka bila kibali. Sitaki jembe lifike kabla yangu."

Nikatafsiri. Dada aliandika, akapiga mstari chini.

Kesho yake tulikwenda Mugoma. Mwenye shamba alikuwa mzee wa kanisani, nguo zake safi, mikono yake imekomaa kwa jembe. Alitukaribisha uani. Mkewe akaleta viti vifupi na kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mrija. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwa dada.

"Huyu ni nani?" akaniuliza kwa Kihangaza.

"Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mzee."

"Mwanafunzi, na umri huu? Mwalimu wake hajamchoka?"

Nilitafsiri kama ilivyo. Dada alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mwambie mwalimu amenichoka, ndiyo maana kanitupa kwake."

Mzee alilipenda jibu hilo. Akamsogezea mrija. "Na wewe," akanigeukia, "si ndiwe yule wa Bugarama uliyeikimbia shule? Leo unamtembeza msomi! Dunia imepinduka."

Tukacheka wote. Kisha dada akalieleza jambo la mama, polepole, kwa namna aliyofundishwa. Alitaja kwanza machungu ya mzee tuliyoyasikia kijijini, miti ya karatusi aliyokatiwa, pamoja na mbuzi wake wawili walioibwa. Baada ya hapo akataja kaburi. Mzee alisikiliza, mikono iko magotini.

"Kwetu mtu anazikwa kwenye ardhi yake," alisema. "Leo ni mtoto tu. Kesho kutwa watakuja wajukuu wa mama huyo waseme, bibi yetu alizika hapa, hapa petu. Wanangu watawajibu nini? Nimeona watu wakinyang'anywa mashamba kwa kaburi."

"Muulize, je, mama akiandika karatasi kwamba hatadai ardhi?"

"Karatasi," mzee alirudia, akatabasamu. Akainua kibuyu, akakitikisa kidogo, akampa dada tena. "Mwambie haina shida. Tutaona mvua ikinyesha. Anywe, safari yenu ni ndefu."

"Anasema haina shida," nilitafsiri. "Anasema tutaona mvua ikinyesha. Anasema unywe, safari ni ndefu."

Sikuongeza neno wala sikupunguza. Nilikuwa bomba safi kabisa.

Lakini mimi ni mtoto wa vilima vile. Kwetu jambo la ardhi halikubaliwi uani. Mtu akikukubalia neno la shamba, anainuka, mnakwenda pamoja hadi mpakani, anaita jirani mmoja asikie, halafu anasimama juu ya udongo wenyewe na kusema. Uani, mbele ya mgeni mwenye mrija mdomoni, mwenye nyumba hakatai kitu, maana kukataa hapo ni sawa na kumfukuza. Atasema haina shida, atasema tutaona, na kila aliyezaliwa pale anajua kwamba ameambiwa hapana. Nilisubiri mzee ainuke. Nilimtazama miguu. Hakuinuka. Alituuliza habari za barabara, tukamaliza kibuyu, akatusindikiza hadi kwenye migomba, akapunga mkono.

Njiani dada alikuwa anaandika huku tunatembea. "Umeona?" aliniambia. "Umeona alivyolegea alipojua tumeyasikia machungu yake? Hili ndilo lenyewe." Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata nafuu ya homa. "Na jina lako nitaliandika kwenye ukurasa wa shukrani. Kitabu kitakaa maktaba ya chuo, watu watakusoma."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka mahali penyewe, palikuwa na kijito na ubao wa kuvukia. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mzee amekataa. Nikamwacha avuke kwanza, na alipokwisha kuvuka sikusema tena.

Kambini mama alitusubiri mlangoni pa kibanda chake. Dada alimpungia mkono kwa mbali, anatabasamu. Mama hakumjali. Aliniuliza kwa Kirundi, ambacho dada hakukielewa hata neno moja, "Amesemaje?"

"Amesema haina shida."

"Mlikuwa wapi aliposema?"

Alijua kuuliza. Kwao na kwetu desturi ni moja.

"Shambani," nikasema.

"Amesimama?"

"Alisimama."

Akakaa chini palepale, mlangoni, kama aliyekatwa miguu. Akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Dada alinigusa mkono, naye macho yamelowa. "Anasemaje? Anasemaje?" Nikamwambia anashukuru. Mama alipoinuka aliingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni ya mgawo, akanitia mkononi. Nikakipokea.

Siku ya nane dada aliondoka. Mimi nikarudi Bugarama, na kwa mara ya kwanza nikakaa nyumbani mwezi mzima. Mama yangu alidhani ninaumwa. Kila asubuhi nilitazama mawingu upande wa Burundi. Nikiwa shambani, nikiwa kanisani, nikiwa nimekaa tu, nilisikia lile swali likiulizwa taratibu. Amesimama? Na kila mara sauti yangu ilijibu upesi mno.

Mvua zikaanza. Nilisubiri mpaka maharage yalipokuwa yameota kila mahali, kisha nikaenda Mugoma kwa miguu.

Ukingo ulikuwa umelimwa. Maharage yalisimama kwa mistari, majani mawili mawili, mazuri. Nilitafuta mawe matatu nikaona mawe mengi yamerundikwa pembeni, yote yanafanana. Mti wa maua mekundu haukuwepo. Niliuona baadaye kwenye zizi la mbuzi la mzee. Ulikatwa ukafanywa nguzo za uzio, na kwa kuwa mti ule hauna tabia ya kufa upesi, kila nguzo ilikuwa imetoa machipukizi.

Mzee alinikuta nimesimama pale. Safari hii hakunikaribisha uani.

"Mbona unashangaa?" alisema. "Wewe ulijua."

"Nilijua, mzee."

"Ulikunywa pombe yangu ukacheka. Yule msomi hakujua, sina neno naye. Wewe ulijua." Alichokoa udongo kwenye jembe lake kwa kidole gumba. "Nilingoja wiki mbili nzima. Nikasema, kama mama yule anamtaka mtoto wake, atakuja au ataleta mtu. Nikaacha ukingo ule mpaka mwisho. Hakuja mtu."

 Nilikuwa nimedhani mzee alimwibia mama muda. Kumbe alimpa, na mimi ndiye niliyeuchukua.

"Ulikuta nini?" nikauliza.

"Kipande cha kitenge. Shanga za kiunoni, za mtoto. Mifupa kidogo, laini. Mimi si mnyama. Nilivifunga kwenye nguo, nikavizika pale juu, nje ya mpaka wangu, kando ya njia, chini ya ua wa minyaa. Mwambie."

Siku hiyohiyo nilikwenda kambini, nikafika alasiri. Mama alikuwa anachambua njegere za mgawo kwenye ungo. Aliponiona alinisogezea kigoda, akaniamkia, "Amahoro, mwanangu," kwa furaha ambayo mpaka leo natamani angeniondolea.

Sikukaa. "Mama," nilisema, "mzee alisema lile neno uani."

Vidole vyake viliendelea na njegere. "Kibuyu kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Wewe uliniambia alisimama."

"Nilikwambia hivyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utatoka bila kibali wakukamate."

Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ndogo, naye aliujua ukubwa wake. "Na nini tena?" akauliza.

"Na nilitaka jina langu liandikwe kwenye kitabu."

"Kitabu cha nini?"

"Cha namna ya kumaliza ugomvi."

Hakucheka wala hakulia. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama anayepita kilima cha pili, akijaribu kutambua ni nani. Nikamweleza yote, jembe, kitenge, shanga, ua wa minyaa kando ya njia. Kwenye shanga alifumba macho. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Watu wanapita juu yake?"

"Wanapita pembeni. Mbuzi pia."

Akaufunika ungo kwa kanga, akauweka ndani vizuri, mbali na mlango, kama mtu atakayerudi kupika. Kisha akanipita. Nilimwita, nikasema nitakwenda naye nimwonyeshe. Aligeuka akasema, bila kupaza sauti, "Usinionyeshe kitu tena."

Nililala kwa kinyozi mmoja wa kambini niliyemfahamu. Asubuhi kibanda cha mama kilikuwa kimya. Nikachungulia. Ungo ulikuwa palepale, umefunikwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu jirani zake wakaanza kuulizana. Mmoja alisema amekamatwa njiani kwa kukosa kibali. Mwingine akasema amevuka mpaka, karudi kwao, na alikokwenda bado watu walikuwa wanauana. Mwingine alisema wanaokamatwa hupelekwa Biharamulo. Kila mmoja alisema kwa uhakika.

Nilirudi Mugoma. Chini ya ua wa minyaa udongo ulikuwa umechimbwa kwa mikono, alama za vidole zilionekana, na shimo lilikuwa tupu. Alifika, basi. Alimchukua. Kutoka pale njia inashuka upande mmoja kwenda Burundi, na upande mwingine inarudi ndani ya nchi yetu. Nilitafuta nyayo, lakini mvua ilikwisha kupita juu yake.

Nikashika habari ya Biharamulo, kwa sababu ndiyo pekee niliyoweza kuifuata. Basi letu lilingoja saa nyingi mpaka magari yakatosha msafara wa polisi, maana porini walikuwepo watekaji. Abiria walitaniana kwa woga. Mimi niliogopa kitu kingine, nacho sikuweza kukitaja. Biharamulo, kwenye kituo cha polisi, niliuliza dirisha la kwanza, nikaambiwa niulize la pili. Mtu mmoja mpole alifungua daftari, akashuka na kidole ukurasa hadi ukurasa, akatikisa kichwa. Mwanamke wa namna hiyo hayupo. Ila wapo wanaohamishiwa kambi za upande wa Kibondo, alisema, na huko magari yote hupitia Nyakanazi.

Nyakanazi sikuwahi kufika. Nilishuka jioni, jua bado lipo, kwenye njia panda yenye malori yaliyopangana na moshi wa nyama choma. Niliingia nyumba ya wageni ya kwanza niliyoiona. Mwenyewe alikuwa mama wa Kisukuma, mnene, amekaa nyuma ya meza na kitabu cha wageni.

"Jina nimeliandika. Kabila?"

"Mhangaza."

"Kazi?"

Nikatazama kalamu yake.

"Naandika mfanyabiashara," alisema. "Humu wote ni wafanyabiashara, hata wezi. Unakwenda wapi?"

"Sijui, mama. Labda Kibondo."

"Labda haiandikwi." Akaandika Kibondo. "Unamfuata nani huko?"

"Mama mmoja wa Kirundi."

"Ni mama yako?"

"Hapana. Nilimdanganya, akanisadiki."

Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi. Alinitazama kwa muda, kisha akatoa ufunguo kwenye droo. "Chumba namba nne. Mlango unagoma, uinue kidogo ndipo usukume. Maji ya kuoga yako nyuma."

Niliuinua mlango, nikaingia, nikaweka mfuko wangu kitandani. Dirisha lilitazama njia panda, upande inakoanzia barabara ya Kibondo. Basi lilikuwa limesimama na abiria wanateremka. Nikavuta stuli hadi dirishani, nikakaa, nikaanza kuwatazama wanawake, mmoja mmoja, usoni kwanza, kisha mikononi, kuona wamebeba nini.